Ng'ombe wa Bango la Saruji

Mjini Tarime watu huamka alfajiri kutafuta riziki. Godwin Makoye aliamka saa nne na kuikuta riziki imeshatafutwa na wenzake, kwa hiyo kazi iliyobaki ilikuwa kuchagua tu achukue ya nani.

Asubuhi hiyo alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya duka la dawa za mifugo, karibu na stendi, akinywa chai aliyonunuliwa na fundi baiskeli mmoja aliyeahidiwa kuonekana kwenye kalenda. Alivaa kizibao cha kaki chenye mifuko mingi ambayo haikuwa na kitu ndani, na shingoni alining'iniza kamera nyeusi yenye lenzi ndefu kama kipande cha bomba la maji. Kamera hiyo aliinunua kwenye mitumba. Matumbo yake yalikuwa yameng'olewa zamani na kitu pekee kilichobaki hai ni mwanga, ule wa kumulika. Lakini mwanga huo, jamani! Ulipowaka, hata mtu mwenye shaka alinyoosha kola.

Miaka ya nyuma Godwin alikuja huku kutoka Usukumani kuchimba dhahabu. Alichimba msimu mmoja, akagundua kwamba dhahabu iko chini na yeye yuko juu, na hakuna kati yao aliyekuwa tayari kumfuata mwenzake. Tangu hapo akajiita Godi Lenzi, mpiga picha wa biashara kutoka Dar es Salaam. Alikuwa na albamu nene ya kazi zake za karibuni, ambazo alizikata kwenye kalenda na magazeti ya zamani. Humo mlikuwa na matangazo, ambapo mwanamke alicheka na kipande cha sabuni kana kwamba kimemchekesha. Mlikuwa na michezo, wakimbiaji wakikata utepe. Mlikuwa na safari pia, chui akiwa amelala juu ya mti.

"Huyu chui alinisumbua," Godwin alizoea kusema. "Alitaka kupigwa upande wa kushoto tu."

Basi chai ilikuwa haijafika nusu alipoingia dukani mzee mmoja mrefu, mkavu, mwenye kofia ya pama, akifuatwa na binti wa miaka kama ishirini.

"Nipe mafuta ya kung'arisha," mzee alimwambia muuzaji. "Ya pembe. Yale mazuri. Na chumvi ya kulamba, nyekundu. Kamanda hapendi nyeupe."

"Tata," binti alisema taratibu, "na lile suala la chuo cha uuguzi? Usajili unakaribia kufungwa."

"Chuo! Chuo! Robi, hali huioni ilivyo ngumu?" alijibu mzee huku akipokea mafuta ya pembe, chumvi nyekundu, na burashi ya nywele ndefu. "Hiyo burashi ni ya mkia?"

"Ni ya mkia, mzee Heche."

Godwin aliweka kikombe chini kwa adabu, kama mtu aliyesikia adhana au kengele ya kanisa. Mtu anayempaka ng'ombe marashi na kumwambia mwanawe hali ni ngumu hakuja mjini kwa bahati mbaya. Ameletwa.

Akainua kamera. *Pwa!* Duka zima likawa jeupe.

"Wewe mura, kijana wewe!" Mzee Heche Machage aliruka nyuma. "Umenipiga na nini?"

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba radhi. Mkono umejiendea wenyewe. Mwezi mzima nazunguka Kanda ya Ziwa kutafuta mtu anayemjua ng'ombe, na sasa nimesikia sauti yake." Akashusha sauti. "Kuna kampuni ya saruji inaanza. Saruji ya Dume. Wanataka uso wa fahali kwenye mabango, kuanzia Sirari mpaka Mwanza. Jambo hili ni la siri, mzee. Nimeshaongea kuliko nilivyoruhusiwa."

Mzee Heche alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akamsukuma binti yake pembeni kidogo ili siri isimwagike.

"Wanalipaje?"

"Hawalipi mara moja, mzee. Hiyo ni ya watu wadogo. Kila mfuko ukiuzwa, ng'ombe ana chake."

"Kila mfuko?"

"Kila mfuko."

"Na akifa?"

"Ndama wake wanarithi. Ni sheria ya kimataifa."

Mzee Heche alivua kofia. Mbele ya jambo zito kama hilo hakuona sawa kubaki nayo kichwani. Robi alikuwa akiifungua albamu ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Alipofika kwa chui alimtazama Godwin, akamtazama chui, akafunga albamu.

"Kazi nzuri," alisema.

Kesho yake Godwin alipanda pikipiki hadi Genkuru, nyumbani kwa mzee. Alipomwona Kamanda alikaribia kusahau kwamba yeye ni tapeli, maana huyo hakuwa ng'ombe wa mchezo. Alikuwa mweusi tii, nundu kama kichuguu, pembe zikimeta mafuta, na alimtazama mgeni kwa macho ya mkuu wa wilaya aliyecheleweshewa gari. Felista, mke wa mzee, alimkaribisha Godwin kwa maziwa ya mgando na hakumuuliza swali hata moja. Mke asiyeuliza ni wa kuogopwa, lakini Godwin alikuwa akinywa.

Picha za tangazo zikaanza. Mfuko mtupu wa saruji ulijazwa majani na kuwekwa mgongoni kwa Kamanda. Kamanda akaushusha na kuula. Wakajaza mwingine. Kijiji kizima kilikuwa kimeshasimama kwenye ua wa minyaa, na kila mwanga ulipowaka watu walipiga makofi.

"Sasa michezo," Godwin akatangaza. "Kampuni inataka nguvu. Inataka mbio. Mzee, utamfukuza kidogo."

"Mimi?"

"Saruji inayotembea nani atainunua, mzee?"

Mzee Heche, mwenye wajukuu, akakunja suruali juu ya mabuti ya mvua na kumfukuza Kamanda kuzunguka zizi. Mzunguko wa kwanza yeye ndiye aliyefukuza. Mzunguko wa pili mambo yalibadilika, na aliyeshuhudia anasema mzee alikimbia vizuri sana, hasa pale kwenye miiba. Mwanga ukawaka na kuwaka. Mzee alipookolewa juu ya paa la banda la kuku, neno lake la kwanza lilikuwa, "Umenipata nikiwa mbele?"

"Nyuma, mbele, pande zote, mzee."

"Tuzione," alisema Robi.

"Dada yangu, picha za biashara hazitazamwi papo hapo. Zinapikwa kwanza kwenye mashine, Dar."

"Ahaa," akasema Robi, na akatabasamu. Godwin alilichukulia tabasamu hilo kama la msichana anayevutiwa na ustadi. Kosa kama hilo limewahi kuwaangusha wanaume wenye akili kumzidi.

Zilibaki picha za safari, na hapo ndipo ulipokuwa moyo wa mpango. Godwin alieleza kwamba kampuni inataka Kamanda apigwe Natta, karibu na mapori ya akiba, mahali penye nyasi za dhahabu na upeo mpana wa kumfanya ng'ombe aonekane wa kimataifa. Hakueleza kwamba huko Natta kulikuwa na Simioni, mchuuzi wa ng'ombe kutoka Bariadi, aliyekwisha kuahidiwa kwa simu fahali mweusi wa bei poa siku ya mnada.

"Nitakuja na mimi," alisema mzee.

"Haifai, mzee. Ng'ombe akimwona mwenyewe anapata deko. Sura inalegea. Ila tumpeleke na mtu wa nyumbani, maana vizuizini ng'ombe aliyeongozana na mgeni peke yake hafiki mbali."

"Nitakwenda mimi," alisema Robi, kabla mtu hajamtaja.

Godwin alifurahi. Binti mmoja, mnadani, penye vumbi na watu wengi, angemtuma kununua kitu chochote na kurudi akute hewa.

Wakaondoka na lori dogo, Kamanda nyuma amefungwa kamba mpya, Godwin na Robi mbele na dereva. Walivuka Mto Mara, wakaipita Mugumu, na muda wote huo Robi alisinzia kichwa kikigonga dirisha. Godwin akampigia Simioni simu. Kwa tahadhari alizungumza Kisukuma, lugha ambayo Godi Lenzi wa Dar es Salaam hakupaswa kuijua. Akamwambia mnyama yuko njiani, mzee ni mjinga wa kupindukia, kuna kasichana kamoja katatumwa dukani, na hela ziwe tayari mkononi. Simioni akacheka. Godwin akacheka. Robi aliendelea kusinzia.

Walipofika Natta mnada ulikuwa umechangamka: ng'ombe, fimbo, mablanketi, moshi wa nyama choma, na kipaza sauti kilichouza sumu ya panya kwa wimbo. Kamanda aliposhushwa, watu walifungua njia wenyewe.

"Dada Robi," alisema Godwin, "pua ya Kamanda inang'aa mno. Kwenye picha itatokea kama sahani. Hebu kimbia kule madukani ukatafute poda."

"Poda ya ng'ombe?"

"Ya watu itafaa. Chukua muda wako uchague nzuri."

Robi akaenda kama alivyoagizwa. Godwin alimfunga Kamanda kwenye nguzo, akamtafuta Simioni kila kona, akamkosa, akaambiwa yuko kwa mama ntilie, akafika akaambiwa ametoka sasa hivi. Aliporudi kwenye nguzo alimkuta Simioni mwenyewe, tumbo mbele, akiikagua midomo ya Kamanda, na vijana wake wakimfungulia lori lingine.

"Simioni! Hela yangu iko wapi?"

"Yako ipi?" Simioni aliuliza kwa mshangao wa kweli. "Nimeshamlipa mwenye ng'ombe."

"Mwenye ng'ombe ni nani?"

"Mimi," ilijibu sauti nyuma yake.

Robi alikuwa amesimama na mkoba umebanwa kwapani na kopo la poda mkononi.

"Alinifuata kwa mama ntilie," Simioni alieleza. "Akanipa simu nizungumze na mama yake. Mama amesema bibi wa huyu binti alimpa mtamba siku alipozaliwa, ukoo mzima unajua, na huyu fahali ni uzao wa mtamba huyo. Mimi, Makoye, ng'ombe mwenye maneno simnunui. Huyu ana mwenyewe, na mwenyewe ameuza."

"Huyo... huyo ni msichana wa... Amekujuaje wewe?"

Robi akamsogelea, akamwambia kwa Kisukuma safi, kilichonyooka kuliko chake, kwamba alisoma sekondari Magu, akikaa kwa shangazi yake aliyeolewa huko. Kisha akarudi kwenye Kiswahili. "Asante, kaka Makoye. Miaka miwili namwomba baba amuuze Kamanda nikasome. Miaka miwili! Wewe umemtoa zizini kwa siku mbili, ukamtafutia lori, ukamtafutia na mteja. Ningempata wapi dalali kama wewe?"

Godwin alifungua mdomo kupiga kelele.

"Piga," alisema Robi. "Unaona watu wote hawa wenye fimbo? Nusu yao wamewahi kuibiwa ng'ombe. Waambie kwamba umeibiwa ng'ombe uliyekuwa unamwiba."

Godwin akafunga mdomo.

Lori la Simioni liliondoka na Kamanda akitazama nyuma kwa dharau. Mambo yangeishia hapo, Robi na mkoba wake, Godwin na aibu yake, kama pikipiki isingeingia mnadani kwa kasi na kufunga breki katikati ya mbuzi. Mwanamume mrefu alishuka. Alivaa suti ya bluu iliyoshonwa kwa ajili ya harusi yake mwenyewe, tai nyekundu, na vumbi la kutoka Genkuru mpaka Natta. Alikuwa mzee Heche. Usingizi ulikuwa umemkataa. Kila alipofumba macho alimwona Kamanda kwenye bango peke yake, na yeye, mlezi wake, hayupo.

Kwa mara ya kwanza Godwin alimwona Robi akiogopa. Aliukumbatia mkoba kwa mikono yote miwili kama mtoto mchanga kwenye mvua, maana baba akiufikia tu, chuo kimekwisha, safari hii moja kwa moja. Alimtazama Godwin. Macho yake yaliomba.

Godwin angeweza kukimbia. Mpaka leo akiulizwa kwa nini hakukimbia anasema ni kwa sababu miguu ilikufa ganzi, na huenda ni kweli, maana mzee akigundua, wa kwanza kupigwa asingekuwa binti. Lakini pia kuna kitu kinaitwa heshima ya ufundi.

"Mzee!" alipaza sauti, akaikimbilia ile suti mikono imefunguliwa. "Mzee, ni nani amekuita? Nilikuwa natafuta mtandao nikupigie!"

"Kamanda yuko wapi?"

"Kaa kwanza. Hapana, usikae, suti itajikunja. Mzee, kampuni imetazama zile picha za mbio. Imetazama, imenyamaza. Halafu imesema, 'Ng'ombe hatumtaki tena.'"

"Hawamtaki!" Mzee Heche alishika fimbo.

"Wamesema, 'Huyo anayekimbia nyuma yake ni nani? Huyo mwenye mabuti? Uso ule! Huo ndio uso wa saruji.'"

Hata mbuzi walitulia.

"Wamesema hivyo?"

"Kwa maneno hayohayo. 'Ng'ombe tumewaona wengi,' wamesema, 'lakini mtu mgumu namna ile, hatujamwona.'"

Mzee Heche alipapasa taya yake, polepole, kama mtu anayekagua ukuta wake mwenyewe baada ya miaka mingi ya kuishi ndani.

"Mama yangu aliwahi kuniambia," alisema.

Robi akamsogelea Godwin na kumshikisha lile kopo. "Mpake poda," alinong'ona. "Uso unang'aa." Kisha akampigia baba yake goti, akamwambia shikamoo na kwaheri kwa pamoja, akapotea upande wa mabasi ya Musoma.

Alasiri hiyo haijasahaulika Natta. Mzee Heche alipigwa picha za tangazo, ameshika jiwe. Akapigwa za michezo, akirukaruka, tai ikimpiga usoni. Akapigwa za safari, mkono mmoja kiunoni, macho yakitazama mbali kwenye mapori kana kwamba tembo wanamdai maelezo. Watu waliacha mnada. Muuza sumu ya panya alizima wimbo wake. Godwin alimulika, akalala chini, akapanda juu ya tela la trekta, akapiga kelele, "Kidevu, mzee! Kidevu ndicho saruji!" na moyoni alijua kwamba hajawahi kufanya kazi nzuri namna hii, na kwamba anaifanya bure.

Jua lilipoanza kulegea, na mzee akiwa hajauliza tena habari za Kamanda, Godwin alijaribu kuaga.

"Unakwenda wapi?" mzee aliuliza. "Mpiga picha wangu haondoki mpaka bango lisimame." Akampandisha kwenye pikipiki, katikati, dereva mbele na yeye nyuma, mshikaki hadi Genkuru.

Akapewa kijumba kando ya zizi. Kila asubuhi alimpiga mzee picha: mzee na jembe, mzee na maziwa, mzee akitafakari. Na kwa kuwa kampuni ilikuwa bado kimya, mzee akaona si vibaya mpiga picha akipeleka ng'ombe mtoni huku wakisubiri. Mara kadhaa Godwin alijaribu kutoroka. Kila dereva wa bodaboda aliyemsimamisha alimtambua na kumrudisha kwa heshima zote: "Aa, mpiga picha wa mzee! Umepotea? Panda."

Siku moja aliporudi na ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope, alimkuta mzee ameketi kwenye kigoda, kamera mapajani. Mzee alikuwa ameifungua. Alichungulia upande mmoja, na kwa kuwa hapakuwa na kitu ndani, aliona vizuri kabisa miguu ya Godwin upande wa pili.

Godwin akatazama njia. Ilikuwa mbali.

"Ilikuwa hivihivi tangu lini?" aliuliza mzee.

"Tangu... tangu mwanzo, mzee."

"Mm." Mzee aliifunga kamera taratibu. "Mimi nimeifungua wiki ile ya kwanza."

Godwin akaiweka chini fimbo ya kuchungia.

"Robi amepiga simu jana," mzee aliendelea. "Amevaa sare. Mama yake amelia, mimi nimekohoa. Yule ng'ombe alikuwa wake, mura. Mama yangu alimpa mbele yangu. Lakini mkono wangu huu," akauinua, akautazama kama wa mtu mwingine, "ukishika kitu hauachii. Ningemwachia Kamanda, kijiji kingesema mzee Heche amelainika. Nimetapeliwa, basi. Mtu aliyetapeliwa anapewa pole. Watu wameniletea mpaka ndizi."

"Sasa... kwa nini ulikuwa unasimama nikupige picha kila siku?"

"Majirani walikuwa wanatazama."

Hapo ndipo Godwin alipogeuka na kuona kitu ambacho kazi ya kuchunga ilimzuia asikione. Nje ya ua wa minyaa, kwenye kivuli, kulikuwa na foleni. Jenipha wa duka la vitenge alishika jogoo miguu. Deus fundi viatu alikuwa na mkungu wa ndizi. Nyuma yao walikuwepo wengine, wamevaa nguo za sikukuu, wakijipanguza nyuso.

"Nimewaambia kampuni inatafuta na sura za nyongeza," mzee Heche alisema, akisimama na kuvaa tai. "Jogoo waingie kwenye banda langu, ndizi zipelekwe jikoni. Wewe utakula, utalala, hutapigwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mzee. Kwa hiyo mimi nianze na yule wa jogoo? Nimweleze habari ya..."

"Wewe hutaeleza kitu," alisema mzee Heche na kumvika kamera shingoni, akiiweka sawa kama baba anavyomwekea mtoto shati siku ya kwanza ya shule. "Unaongea sana, ndiyo maana walikushtukia. Maneno niachie mimi. Wewe mulika."